Samaki Aliyetoweka Tangini: Mlaji si Lazima Awe Muuaji

Mhadhara kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie kwa nini samaki hupotea kwenye tangi la nyumbani. Malalamiko haya nayasikia mara kwa mara, na huja kwa maneno yale yale: walikuwa wanane, leo wapo saba, tangi limefunikwa, mzoga hauonekani. Halafu wanatajwa watuhumiwa. Paka wa jirani. Watoto. Yule samaki mkubwa mwenye midomo minene. Na katika nyumba nyingi za hapa mjini anatajwa dada wa kazi, eti alibadilisha maji akamwaga na samaki kwenye sinki. Niseme mapema kabisa kwamba dada huyu husingiziwa sana, na kabla hatujaachana mtaona kwa nini.

Nina hoja moja tu ya kuitetea. Samaki aliyetoweka mara nyingi ameliwa, hilo sibishani na mtu. Ila aliyemla na kilichomuua ni vitu viwili. Sisi wafugaji tunakimbilia kumkamata mlaji, tunamtoa, tunampa rafiki, tunalala usingizi mnono, na kumbe muuaji amebaki tangini anaendelea na kazi. Mara nyingi muuaji huyo ni maji yenyewe.

Tuchukue neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na mwekundu. Akikua sana anafika sentimita tatu au nne, na uzito wake hata gramu moja haufiki. Tuseme amekufa saa tatu usiku katika maji ya nyuzi 27, joto la kawaida la tangi la hapa kwetu. Konokono ndio wa kwanza kupata habari. Huanzia machoni na tumboni, kwenye sehemu laini. Wenzake, ambao mchana walikuwa wakiogelea naye kundi moja, wanakuja kudonoa mapezi. Kama unafuga na kamba wadogo, hao ndio wanaomalizia nyama ya mbavuni. Kinachobaki ni uti wa mgongo, na mkondo wa pampu unausukuma hadi chini ya kokoto. Saa kumi na mbili asubuhi unawasha taa, tangi safi. Hapo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na msiba, na majirani waliokula matanga bila kualikwa.

Basi swali la maana ni hili: alikufa kwa nini, na kwa nini usiku?

Tuanze na hewa. Maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba oksijeni hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ubaya ni kwamba kadiri joto linavyopanda ndivyo mwili wa samaki unavyodai oksijeni zaidi, yaani mahitaji yanaongezeka ghala linapopungua. Mimea mliyoipanda tangini, ambayo mchana hutengeneza oksijeni, usiku nayo huivuta kama mimi na wewe. Kwa hiyo saa ya hatari ni ile ya kabla ya alfajiri. Sasa ongezeni umeme. Umekatika saa saba usiku, mmelala; umerudi saa kumi, bado mmelala. Kwa saa tatu pampu ya hewa imenyamaza, na tangi limejaa samaki kupita kiasi kwa sababu muuzaji alisema "weka tu, hawana shida". Mnaamka pampu inanguruma kama kawaida. Ushahidi umefutika, na samaki wawili hawapo.

Halafu kuna amonia. Kinyesi cha samaki, mkojo wake, chakula kilichozama chini, jani lililooza, vyote huzalisha amonia. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huibadilisha kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi. Huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kujijenga. Mtu ananunua tangi Jumamosi asubuhi, anajaza maji ya bomba, jioni ameshatia samaki kumi na watano kwa sababu watoto wanalia. Wiki ya pili samaki wanaanza "kupotea". Mwingine ana tangi la mwaka mzima, lakini kila mwezi anachomoa sponji na kuiosha kwa maji ya bomba yenye klorini hadi inang'aa. Ameua bakteria wake wote kwa ajili ya usafi. Sponji suuzeni kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, na iacheni na rangi yake ya kahawia.

Jambo linalofuata linawahusu hasa wenye samaki wa Kigoma. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na makali hayo, na kinachoamua mgawanyo wake ni pH pamoja na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na ile sura kali kwa chini ya asilimia moja ya amonia yote. pH ikifika 8, inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, inapita theluthi. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na ndivyo mnavyotakiwa kuyaweka maji ya samaki wake. Hesabu ni kwamba mzoga ule ule, amonia ile ile, kwenye maji hayo huwa na sumu mara sitini hivi kuliko kwenye maji ya pH 7. Samaki mmoja amekufa nyuma ya jiwe, hujamwona, umesema amepotea, yaishe. Hayaishi. Yeye ndiye atakayewaua watatu watakaofuata.

Na wale waliokula mzoga, je? Kuna ugonjwa wa neoni unaosababishwa na kimelea kiitwacho Pleistophora. Huyeyusha rangi ya samaki na kukunja mgongo wake, na njia yake kubwa ya kuenea ni samaki wazima kula nyama ya mwenzao aliyekufa nao. Kifua kikuu cha samaki nacho huenea hivyo hivyo, na bakteria wake, Mycobacterium marinum, wanaweza kumwingia hata mfugaji kupitia kidonda mkononi. Vaeni glavu mnapotafuta mzoga. Lakini mtafuteni.

Sasa nisije nikaonekana nawatetea wala-wenzao. Wapo, na kanuni yao ni fupi: kinachoingia mdomoni ni chakula. Enjeli mnayemwona amesimama wima kwa adabu, akifika ukubwa wa kiganja, atameza neoni mmoja mmoja. Kwao Amazon ndiyo mlo wake. Oska ananunuliwa ana urefu wa kidole, anakua hadi sentimita thelathini na ushei. Wale vijana wa kijivu wanaouzwa kwa jina la papa, ambao si papa hata kidogo bali ni jamaa za kambare kutoka mto Mekong, hupita mita moja wakipata nafasi. Frontosa wa Ziwa Tanganyika, yule mwenye nundu ya paji la uso na mistari myeusi, ni mpole mchana kutwa, anaelea kama hana haja na mtu. Ukimweka na Cyprichromis wembamba, anawangojea gizani wakiwa wametulia, na asubuhi hesabu yako inapungua bila vurugu yoyote kuonekana.

Kanuni ya mdomo haikuwaacha hata wataalamu. Mwezi Januari 2016, kwenye akwariamu ya COEX mjini Seoul, papa jike wa urefu wa zaidi ya mita mbili alimmeza papa mwingine mbele ya wageni, na mkia ukabaki unaning'inia mdomoni kwa saa nyingi. Na kanuni hiyo hiyo, ikipelekwa kwenye ziwa zima, ndiyo sangara wa Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na ya mapema ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu hayakuonekana tena kwenye nyavu za Mwanza. Sangara hakuwa peke yake, kwani maji nayo yalishapungukiwa na hewa na kutiwa tope, na furu ambao huchaguana wenzi kwa rangi wakashindwa hata kuonana. Ona tena: mlaji yupo, na maji yapo. Baadhi ya aina hizo za furu ziliendelea kuishi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani wakati ziwani hazionekani.

Kuna mwindaji mmoja sharti nimtaje kwa jina, kwa sababu anatudhalilisha sisi tunaojiita wachunguzi. Ni Nimbochromis livingstonii wa Ziwa Nyasa. Hulala ubavu mchangani, rangi yake ya mabaka kahawia na meupe ikifanana kabisa na samaki anayeanza kuoza. Wadogo wanakuja kudonoa mzoga, na mzoga unawameza. Kenneth McKaye alilieleza jambo hili kitaalamu mwaka 1981 baada ya kulishuhudia ziwani. Ukimweka tangini na wadogo, utahangaika kumtoa "aliyekufa" huku wanaopungua ni wengine.

Kuhusu wavamizi kutoka nje ya orodha ya samaki, kisa ninachokipenda ni cha Brighton, Uingereza, miaka ya 1870. Akwariamu ya mji huo ilifunguliwa mwaka 1872, na muda si mrefu samaki wa tangi moja wakaanza kupungua mmoja baada ya mwingine bila maelezo. Asubuhi moja alikutwa humo pweza, ambaye makazi yake yalikuwa tangi la jirani. Alikuwa akipanda ukuta usiku, anakula, anarudi kwake. Henry Lee, mtaalamu wa pale, alikiandika kisa hicho kwenye kitabu chake cha pweza cha mwaka 1875, na Waingereza wakastaajabu. Akina mama wa Jambiani wanaovua pweza kwenye miamba maji yakipwa wasingestaajabu hata kidogo. Na mwaka 2009, huko Newquay, wafanyakazi wa akwariamu walikuta matumbawe yakikatwa na samaki akijeruhiwa, wakabomoa mwamba wote wa tangi, wakatoa mnyoo wa baharini mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Inaaminika aliingia mdogo, ndani ya jiwe. Wenye matangi ya maji chumvi, kila jiwe mnaloingiza lichunguzeni kwanza kwenye ndoo pembeni.

Paka nitamaliza kwa sentensi moja: tangi lenye mfuniko halimhusu. Wenye mabeseni na vidimbwi uani, watafuteni kunguru na mdiria kabla hamjamshuku binadamu. Chujio nalo hunyonya, kweli, lakini samaki mzima wa afya huushinda mkondo wa chujio la nyumbani. Ukimkuta amenasa pale, ujue kwanza alidhoofika. Vifaranga ni habari nyingine. Wekeni sponji kwenye mdomo wa bomba la chujio, gharama yake ni ndogo.

Wapo waliotoka wenyewe. Samaki huruka kwa sababu: maji yamechafuka, hewa imekwisha, dume mwenye nguvu anamkimbiza, taa imezimwa ghafla akashtuka, au ni mgeni wa siku ya kwanza hajajua mipaka ya nyumba. Mfuniko mnao, lakini tazameni kona ile zinapopita waya za hita na pampu. Mwanya wa vidole viwili unamtosha Cyprichromis. Kambare ndiye hatari zaidi, maana huvuta hewa ya kawaida na hutambaa kwenye sakafu yenye unyevu. Utamtafuta sebuleni, umkute bafuni. Ukitaka kujua aliyeruka yuko wapi, usianze kusogeza makochi. Fuata sisimizi. Msururu wao ukiingia nyuma ya kabati la tangi, ingiza fagio taratibu, utamtoa amekauka kama dagaa wa Kigoma. Msipokuta hata mifupa, sisimizi wenyewe wamefanya yale ambayo konokono hufanya majini. Lakini kumbukeni kuuliza: alikuwa anakimbia nini?

Mpaka hapa nimesema juu ya waliokufa. Sasa niwafurahishe, kwa sababu ziwa letu limejaa samaki ambao hupotea na kurudi.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, limegawanywa kati ya nchi nne, na lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote haziko kwingine duniani. Kwenye sakafu yake kuna maeneo mapana yaliyotandikwa makoa ya konokono aitwaye Neothauma. Ndani ya makoa hayo anaishi Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote, jike lake sentimita tatu hivi. Kila mmoja ana koa lake. Mtu anaponunua sita, akiwatia kwenye tangi lenye makoa ishirini, siku nzima haoni kitu ila mchanga unaorushwa. Anasema wamepotea. Wamo, ndani kabisa kwenye msokoto wa koa, na kivuli chako ndicho kinachowafukuza. Kaa mbali, subiri chakula kishuke, uhesabu. Ukiwa na wasiwasi na koa moja, liinamishe chini ya maji mdomo ukitazama mchangani: mwenye uhai ataporomoka akirusha mapezi kwa hasira. Lisilotoa kitu, litoe nje ulinuse. Pua itakupa jibu.

Wengine wamo vinywani. Jike wa Tropheus, na majike ya mbuna wa Ziwa Nyasa, huatamia mayai mdomoni kwa wiki tatu hadi nne. Koo limevimba, hali kama kawaida, anajificha nyuma ya jiwe asionekane siku nzima. Wafugaji wapya humhesabu amepotea, au wanadhani anaumwa wanampa dawa. Halafu siku moja vifaranga wanaonekana wakizagaa, jioni hawapo, na kelele zinaanza: wameliwa na mama yao! Mama kawarudisha mdomoni maana giza limeingia. Mkimsumbua kwa nyavu, hapo kweli anaweza kuwatema au kuwameza.

Na humo mdomoni ndimo ulimo ujambazi mkubwa kuliko wote niliowatajia. Kuna gogogo wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, mwenye madoa meusi kama wino uliodondoka. Sikilidi wanapotaga, gogogo hujipenyeza katikati yao, anatupia mayai yake, na mama anayaokota yote kwa haraka. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vifaranga wake hula vifaranga wa mwenye mdomo, mle mle ndani. Mama anaatamia wiki kadhaa na mwisho anawatema gogogo watupu. Tetsu Sato, mtafiti wa Kijapani, aliuelezea mwenendo huo kwenye jarida la Nature mwaka 1986. Kama unafuga hawa pamoja na unashangaa vifaranga wako hawaongezeki, sasa unajua.

La mwisho katika kundi hili ni umri, jambo linalosahaulika. Kwenye vidimbwi vya mvua vya pwani yetu na Unguja kuna samaki wadogo warembo sana wa jamii ya Nothobranchius. Kidimbwi hukauka kila mwaka, nao hufa wote, mayai yakabaki kwenye tope hadi mvua nyingine. Yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, hata tangini kwenye raha zote huishi mwaka hivi au zaidi kidogo. Jamaa yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, huishi miezi michache tu, na ndiyo maana watafiti wa uzee mjini Cologne wanamfuga kwa wingi. Ukinunua dume lililokwisha kukolea rangi, umenunua mtu mzima. Akitoweka baada ya miezi minne hakuna wa kulaumiwa.

Kwa hiyo samaki akikosekana, wahesabu kwanza wakati wa kula, mara mbili. Tazama sakafu, fungua chujio. Mawe usiyaguse bado. Pima amonia na nitriti siku hiyo hiyo, kabla hujabadilisha maji, kwa sababu ukibadilisha umefuta shahidi wako. Zote zikiwa sifuri, rudi kwenye midomo ya wakubwa na mianya ya mfuniko. Yoyote ikiwa juu, hapo ndipo mawe yanatoka, mzoga unatafutwa hadi upatikane, na sehemu ya maji inabadilishwa. Usinunue samaki wa kujazia pengo mpaka vipimo hivyo viwe sifuri wiki mbili mfululizo. Na dada wa kazi, kama bado hujamwomba radhi, mwombe leo; kisha mfundishe kupima maji, maana yeye ndiye anayeshinda na tangi hilo mchana kutwa.

Ninalo ombi kwa wauzaji, na naona wengine wenu mpo. Kwenye kila tangi la duka, chini ya bei, andikeni mambo mawili: samaki huyu akikua anafikia sentimita ngapi, na anaishi muda gani. Mtapoteza mauzo ya wale "papa", najua. Lakini wateja watakaobaki hawatarudi kwenu kila mwezi wakidai mliwauzia samaki wenye mazingaombwe.